Mteja wa Kwenye Karatasi

Mwalimu Nuanchan hakuwa mtu wa kusema jambo mara moja akaridhika. Siku aliyofundisha somo la mteja alilirudia mara sita, akigonga ubao kwa kalamu kama anayeamsha nyumba ya walevi.

"Wazo bila mteja ni nini?"

"Ni kelele, mwalimu," darasa likaitikia, wale wa nyuma wakipiga miayo.

"Na mteja ni nani?"

"Ni mtu mwenye shida."

"Shida yake mmeijuaje?"

Hapo ndipo wengi walipoanza kutazama viatu vyao.

Somo lake lilikuwa ujasiriamali, na katika chuo kile cha ufundi kando ya mto Nan, kaskazini mwa Thailand, hakuna somo lililodharauliwa kama hilo. Vijana wa umeme walisema ni porojo. Wa mapishi walisema wao wanauza tayari, wafundishwe nini tena? Lakini kila mwaka mkoa uliandaa mashindano ya kunadi biashara mbele ya majaji, na kwa miaka kumi na mmoja Nuanchan alikuwa akipeleka makundi yanayorudi na fulana za kushiriki. Alikuwa na fulana kumi na moja kabatini. Mwaka huu aliapa kwamba ya kumi na mbili hataivaa.

Basi kila kundi lilipewa karatasi ya mteja. Humo wanafunzi walimbuni mtu: jina lake, umri, nyumba, kazi, chakula chake, saa yake ya kuamka, na jambo linalomnyima usingizi. "Mbunini mpaka mumsikie akikohoa," alisema. Karatasi ya uvivu aliirudisha ikiwa imejaa wino mwekundu.

Karatasi iliyomgusa ilitoka kwa Khomsan na Phailin. Khomsan alikuwa mwana wa Bi Somphit, muuza ndizi za kuchoma pale langoni, kijana mwenye mdomo wa kumuuzia mtu kiatu cha mguu mmoja. Phailin alikuwa msichana mkimya wa miaka kumi na saba, na alikuwa binti pekee wa Nuanchan mwenyewe. Baba yake alikwenda Rayong zamani akapata mke mwingine huko. Ili watu wasije wakasema mwalimu anampendelea mwanawe, Nuanchan alimsahihisha Phailin kwa ukali kuliko wenzake wote, na msichana hakuwahi kulalamika.

Wazo lao lilikuwa la kienyeji hasa. Mtu wa mji ule akitaka jambo huenda kwa Mama Takhian, yaani gogo kubwa la mti wa takhian lililoopolewa mtoni miaka mingi iliyopita, likalazwa kwenye kibanda cha mabati likiwa limevishwa magauni na kupakwa poda. Ndani ya gogo anakaa mwanamke, na anasikia. Unaomba, unaweka nadhiri, ukipata unalipa: nguo, maua, ngoma. Ahadi ni deni, na mama yule hasahau. Ila wengi hupata walichoomba wakati wameshahamia Bangkok au Korea, na nadhiri inabaki inawakosesha raha. Khomsan na Phailin wangewalipia hao. Wangenunua nguo, wangecheza ngoma, wangetaja jina la mwenye nadhiri, kisha wangemtumia video.

Mteja wao wa kubuni aliitwa Sairung. Umri miaka arobaini na saba. Mshonaji. Nyumba namba kumi na tisa, Kichochoro cha Sita. Kila siku huchemsha mayai ya phalo, yale ya mchuzi mtamu wa mdalasini, ingawa hana wa kumlisha, na saa kumi jioni husimama mlangoni kama anayemngoja mtu. Hana ubaya na mtu yeyote. Alimwomba Mama Takhian mtoto, akaahidi magauni matatu na ngoma, lakini magoti yake hayamruhusu kucheza.

Nuanchan aliisoma mara mbili. Chini yake akaandika kwa wino mwekundu: *Huyu yuko hai! Hongereni.*

"Sasa majaji watawauliza mmeshamhudumia nani," akawaambia. "Mna video?"

"Bado hatujapata mteja, mwalimu," akasema Khomsan.

"Si huyu hapa? Nendeni mkamlipie nadhiri."

Phailin aliinua uso. "Huyu ni wa uongo, mwalimu."

"Ni wa mfano."

"Mama Takhian hataniwi."

"Anapewa magauni matatu, unamtania wapi?" akadakia Khomsan. "Mama yangu akiletewa hata kitambaa cha kichwa cha bure hulia machozi."

Darasa likacheka, na Nuanchan akacheka nalo. Jumamosi asubuhi vijana wale wawili wakaenda kibandani na magauni ya dukani, wakawasha vijiti tisa vya ubani, na Phailin, ambaye alicheza ngoma ya jadi tangu shule ya msingi, akacheza.

Jumatatu video ikaonyeshwa darasani. Phailin alisikika akisema kwa sauti nyembamba: "Nimekuja kwa niaba ya Bi Sairung, mshonaji, wa nyumba namba kumi na tisa, Kichochoro cha Sita. Aliomba mtoto. Ombi lake limetimia. Nadhiri yake ni hii hapa." Kisha vidole vyake vikaanza kupinda taratibu, na hata wale vijana wa umeme wakanyamaza. Mwisho wa ngoma, alipoinama mbele ya gogo, sauti ya mwanamke ilisikika karibu sana na simu: "Ahsante, mwanangu."

"Huyo nani?" akauliza Nuanchan.

"Bi Lamyai, muuza mashada wa pale kibandani," akasema Khomsan, kisha akakunja uso. "Nadhani ni yeye. Sikumwona mtu mwingine."

Nuanchan alimjua Lamyai. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza kama sufuria linaloburutwa kwenye saruji. Lakini saa ya kipindi ilikuwa imekwisha, akaliacha lipite.

Siku mbili baadaye ukurasa wa biashara yao, ambao haukuwa umetangazwa kwa mtu yeyote, ukapokea sifa ya kwanza. Nyota tano. *Kazi safi na ya heshima. Nimepata nilichoomba. Sairung.*

"Khomsan, umejisifu mwenyewe!" darasa likapiga kelele. "Huna haya!"

"Naapa kwa ndizi za mama yangu, si mimi!"

"Ndizi zenyewe zimeungua!"

Nuanchan aliwakemea kidogo kwa ajili ya utaratibu, lakini moyoni alifurahi. Alidhani kijana ameanza kuelewa biashara.

Jioni hiyo alirudi nyumbani saa moja kasoro, kama kawaida yake, kwa kuwa vikao vya chuo havina mwisho. Akakuta wali haujaguswa.

"Huli?"

"Nimeshakula," akasema Phailin.

"Wapi?"

"Nyumbani."

Nuanchan alidhani amesikia vibaya. Alikuwa na karatasi thelathini za kusahihisha. Ila alipopita nyuma ya kiti cha binti yake alinusa mdalasini na mchuzi mtamu, harufu ya mayai ya phalo, na jikoni kwake hakikuwako hata kipande cha mdalasini.

Wiki iliyofuata Phailin alivaa blauzi mpya, iliyomkaa sawasawa kwapani na mabegani kama aliyepimwa. Nuanchan akauliza ni ya nani. Yangu, akaambiwa. Akauliza imetoka wapi, na msichana akamtazama kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mgeni anayeuliza mambo ya nyumba isiyo yake. Simu yake ilikuwa haipatikani kuanzia saa kumi hadi magharibi. Picha ya mama na binti iliyokuwa ukutani ilikutwa imeshushwa na kulazwa kifudifudi juu ya kabati, bila hasira, imefutwa vumbi.

Kisha ikawa siku ambayo Nuanchan alisikia mlango wake ukibishwa. Alipofungua alimkuta Phailin kizingitini, viatu ameshavivua, viganja ameviunganisha kifuani.

"Samahani kwa usumbufu, mwalimu. Naweza kuingia nichukue vitabu vyangu?"

"Phailin, acha mzaha."

"Sitakaa sana."

Akaingia, akachukua vitabu, akainamisha kichwa kwa adabu, akatoka. Nuanchan alibaki ameshika kitasa. Aliogopa. Aliogopa hasa, kwa sababu katika macho ya mtoto wake hakuona chuki wala kiburi, vitu ambavyo mama anaweza kupambana navyo. Aliona heshima tu.

Siku ya mashindano ikafika kabla hajajua afanye nini. Ukumbi wa mkoa ulijaa, majaji watatu mbele, wazazi nyuma. Nuanchan alikaa safu ya nne. Khomsan alifungua kwa vichekesho, kisha Phailin akachukua kipaza sauti, na wallahi yule msichana mkimya alizungumza kama maji ya mfereji, bila kukwama, kila neno mahali pake. Jaji mmoja, mwenye kampuni ya mbolea, akamkatiza.

"Mnasema mnaye mteja wa kwanza. Ni mtu wa kweli?"

"Ni wa kweli," akasema Phailin. "Yuko hapa leo. Ni mama yangu."

Akanyoosha mkono kuelekea safu ya nne. Watu wakageuka. Nuanchan, uso ukimwaka kwa haya na furaha, akainuka nusu kwenye kiti, akiwaza, ameona aniite mimi mteja, mtoto huyu ana akili. Ndipo akagundua kwamba macho ya watu hayakutua kwake. Yalipita juu ya bega lake.

Nyuma yake, safu ya tano, alikaa mwanamke mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni. Mwanamke akatabasamu, akawainamia majaji. Ukumbi ukapiga makofi.

Walishinda nafasi ya pili. Khomsan alirukaruka jukwaani kama mbuzi aliyefunguliwa. Nuanchan alikuwa akisukumana na watu kuelekea mlangoni, kwa kuwa aliona blauzi ya binti yake ikitoka nje pamoja na ule utepe. Alipofika barabarani hawakuwapo. Na alipotaka kumwuliza mlinzi kama amemwona mwanamke wa namna fulani, alishindwa kumweleza. Kule ukumbini alimtazama yule mwanamke usoni kwa karibu dakika nzima, lakini uso wenyewe hakuukumbuka hata chembe. Ni hapo alipokumbuka kwamba katika karatasi ile hakuna aliyeandika sura.

Alirudi chuoni, akaitoa karatasi kwenye jalada, akaichana vipande vidogo vidogo na kuvichoma kwenye sinki la maabara. Kisha akampigia Phailin. Simu haikupatikana. Basi akaenda kibandani kwa Mama Takhian.

Lamyai alikuwa amekaa kando ya gogo, mashada upande mmoja, tiketi za bahati nasibu upande mwingine, anachezea simu. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Wale watoto walisema ombi limetimia?"

"Walisema."

"Na wakalipa."

"Magauni matatu na ngoma."

"Basi mmemlipa kwa kazi ambayo hajaifanya." Hapo Lamyai akaiweka simu chini. "Fundi mwaminifu akilipwa kabla, hufanyaje?"

"Huifanya kazi."

"Haya. Mliandika mtoto gani? Wa kuzaa? Wa kulea? Wa kike, wa kiume, wa umri gani?"

Nuanchan aliipitia karatasi ile kichwani. Aliwafundisha waandike mpaka saa ambayo mteja anaamka.

"Mtoto," akasema.

"Mtoto tu?"

"Mtoto tu."

"We, mwalimu!" Lamyai akapiga paja. "Mimi hapa nauza tiketi, na mlevi kabisa akija hutaja namba. Hapa watu hutaja mpaka rangi ya pikipiki. Unaambiwa ukiomba, taja, ukiahidi, hesabu. Nyinyi wenye vyeti mmesema mtoto tu! Sasa amechukua aliyekuwa karibu. Nani alicheza mbele yake?"

"Nibadilishie. Nitaleta magauni mia moja. Nitacheza mwenyewe."

"Iliyokwisha kulipiwa haibadilishwi, dada."

"Nimechoma ile karatasi."

"Karatasi ndiyo nini? Jina limetajwa hapa, na ubani umewaka." Akamtazama Nuanchan, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalainika kidogo. "Aliyepewa ndiye anayeweza kurudisha. Nenda kwa mteja wenu ukaongee naye. Si ndiyo kazi yako?"

Kichochoro cha Sita Nuanchan alikifahamu tangu utotoni. Kina nyumba kumi na nane, kisha ukuta wa kinu cha mpunga. Jua la saa kumi lilikuwa kali, mbwa wamelala vivulini, na redio ya mtu inasoma matokeo ya ndondi. Akahesabu nyumba. Baada ya namba kumi na nane palikuwa na nyumba ya mbao yenye mlango wazi, na mlangoni amesimama mwanamke mwenye utepe shingoni.

"Karibu, mwalimu," akasema Sairung. "Anakula. Ingia."

Ndani mlikuwa na cherehani, jiko, chungu cha mayai ya phalo, meza na viti viwili. Hakuna kingine. Kuta hazikuwa na kalenda wala msumari. Pazia la chumbani lilipotikiswa na upepo Nuanchan aliona kwamba nyuma yake hakuna chumba, ni mwanga mweupe tu usio na sakafu, kwa sababu hakuna aliyekaa akafikiria mteja huyu analala wapi. Mezani Phailin alikuwa akila, daftari pembeni, miguu ikining'inia huru. Alimwinamia mwalimu wake kwa adabu, akaendelea kula.

Nuanchan alikuja na maneno makali. Aliyaanza, yakamfia mdomoni, kwa kuwa mwanamke yule alimsikiliza vizuri mno. Ikambidi afanye lile alilowafundisha watoto kila siku, yaani kuuliza kabla ya kunadi.

"Unahitaji nini?" akamwuliza.

"Kungoja mtu, na huyo mtu aje," akasema Sairung. "Nimeumbwa hivyo. Sina haja nyingine."

"Huyu haji kwa hiari yake. Amerogwa."

"Amepewa, ndiyo. Lakini ile saa kumi mlangoni iliandikwa na mkono wa nani? Na haya mayai?"

Nuanchan aliiona tena karatasi machoni mwake. Mwandiko wa Khomsan ulikuwa jina na anwani. Yaliyobaki yote, mayai, saa kumi, mwanamke asiye na ubaya na mtu, yalikuwa mwandiko mdogo ulioinama kushoto, aliousahihisha kwa wino mwekundu tangu darasa la kwanza. Msichana hakubuni mteja. Alikuwa ameandika mama.

Akavuta kiti akakaa.

"Sikujua anapenda mayai ya phalo," akasema. Alilia waziwazi, bila kujifuta. "Sijui anapenda nini. Ukinipa mtihani wa mtoto huyu nitapata sifuri, na wewe utapata mia. Lakini nilimzaa siku ya mafuriko, nimelazwa juu ya meza ya zahanati, maji yanapita chini yangu na viatu vya watu vinaelea. Alitoka hapumui. Nesi alimpiga makofi, na mimi nikasema kichukuliwe chochote changu, chochote, ila huyu alie. Akalia. Tangu siku hiyo nafanya kazi kama punda ili asije akakosa, mpaka nikawa sipo. Sina kingine cha kukwambia. Nirudishie mwanangu."

Phailin alikuwa ameacha kula, anamtazama mwalimu huyu anayelia, na kati ya nyusi zake kulikuwa na mkunjo mdogo, kama mtu anayesikia wimbo wa chumba cha pili.

"Sikuandikiwa ubaya," akasema Sairung hatimaye. Kama alikuwa na machozi, Nuanchan hakuweza kuyaona kwenye uso ule usiokaa akilini. "Mama akilia mbele yangu siwezi. Mchukue."

"Ahsante. Ahsante, dada."

"Ngoja. Usinishukuru kabla hujasikia. Mama Takhian ameshalipwa. Hataniacha mikono mitupu. Nikimrudisha huyu, atanipa mwingine, atakayekuwa karibu."

Redio ya jirani ilikuwa imeanza kutangaza mchezo mwingine. Nuanchan hakuuliza ni nani. Siku ile kibandani walikuwa watoto wawili, mmoja akicheza na mmoja ameshika simu, na mwalimu huyu alijua kuhesabu. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema ngoja, nikafikirie. Alimtazama binti yake mwenye mchuzi kidevuni, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Sawa," akasema.

Akamshika Phailin mkono, wakatoka. Walipofika nyumba ya kumi na mbili msichana alisimama ghafla, akatazama blauzi yake, akatazama mkono ulioshika wake.

"Mama? Tunatoka wapi?"

Nuanchan alimkumbatia pale pale barabarani mpaka mbwa wakaanza kubweka. Nyuma yao kichochoro kilikwisha kwenye ukuta wa kinu.

Wiki ile alifanya mambo aliyokuwa hajayafanya kwa miaka. Aliacha vikao saa tisa na nusu. Alinunua mdalasini, akachemsha mayai ya phalo, yakawa machungu, na Phailin akala mawili akisema si mabaya. Alicheka hata usingizini, mtoto yule. Nuanchan alijitahidi kutomtazama Khomsan darasani. Ilikuwa rahisi kwa kuwa Khomsan siku hizi alikuwa kimya, ameketi wima, amevaa shati lililokatwa vizuri sana.

Ijumaa, wakitoka langoni yeye na binti yake, Bi Somphit aliacha ndizi zake motoni akamkimbilia. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

"Mwalimu, samahani, sina wa kumwuliza. Khomsan wangu ana nini?"

"Kwani kafanyaje?"

"Ananiita shangazi! Yule aliyekuwa akinipigia kelele kutoka chooni nimletee sabuni, leo ananiinamia. Jana kaja nyumbani kaomba ruhusa ya kuingia. Nikasema, we mwehu, si kwako hapa? Akaniambia ahsante, ananingoja mama, saa kumi imefika. Mama gani, mwalimu? Mama si ndiye mimi?" Akamshika mkono. "Wewe ndiwe unayewajua watoto hawa. Niambie nifanye nini, nitafanya hivyo hivyo. Ukisema hekalu, nitakwenda. Ukisema hospitali, nitauza hili toroli."

Phailin alikuwa amesimama kando, ana wasiwasi juu ya rafiki yake, anamtazama mama yake akingojea jibu.

Jibu lilikuwa fupi. Kichochoro cha Sita, baada ya nyumba ya kumi na nane. Bi Somphit angekwenda mbio na kandambili zake, angelia, na yule mwanamke hakuandikiwa ubaya, angemrudishia. Kisha Mama Takhian angetafuta tena aliye karibu.

Nuanchan aliusogeza mkono wake begani kwa Phailin.

"Ni uchovu wa mashindano," akasema. "Wengi huwa hivyo. Usimsumbue kwa maswali, mwache apumzike. Atatulia mwenyewe."

"Kweli, mwalimu?"

"Kweli."

Bi Somphit alishusha pumzi ndefu, akaunganisha viganja vyake vyenye masizi akamshukuru. Kisha akarudi motoni, akachagua ndizi nne nzuri, akawafungia mama na mtoto, na akakataa kabisa kupokea pesa.